Maziwa Ndani ya Miiba

"Mgeni kavaa miiba. Mvue nguo."

Amri hiyo iliingia sikioni mwa Nyigu akiwa juu ya Yamaha, mwendo wa kumkimbiza shetani. Akaielewa. Ndani ya shehena ya maua iliyotua asubuhi hiyo mlifichwa ugonjwa wa mihogo, ugonjwa wa kutengenezwa, unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakicheka juani. Ukiachiwa tu, nchi nzima italala njaa. Na mama yake Nyigu, mwenye shamba la mihogo na ulimi mkali kuliko panga, atakuwa wa kwanza.

Alipenya dirisha la ghala kama moshi.



Vyungu safu kwa safu, vya mimea minene yenye miiba, imesimama kama askari wanaongoja kuambiwa "ua". Mlangoni lori lilinguruma, tupu, likisubiri kupakiwa.

"Mkuu, hapa hamna muhogo hata wa dawa. Ni dungusi tupu, ile mimea ya jangwani."

"Dungusi na muhogo havina undugu hata wa kusingizia," redio ikakoroma. "Ugonjwa ule hauishi humo. Tumeingizwa mjini. Toka!"

Nyigu akageuka aondoke.

Ndipo akamwona Muuza Maua, yule mgeni mwenye shehena, akihamisha vyungu. Glavu mikononi, sawa. Miiba haina adabu. Lakini machoni alivaa miwani ya mchomelea vyuma.

Tangu lini miiba ikaruka?

Nyigu akachomoa kisu, akakata tawi la mmea wa karibu.

Ukavuja damu. Damu nyeupe, nzito kama maziwa.

"Mkuu," akanong'ona, "dungusi hutoa maji. Hii inatoa maziwa. Ni minyaa, ile ya maziwa yanayounguza macho! Jangwa limeishonea sare ya dungusi, lakini ukoo wake ni wa muhogo. Wajukuu wa bibi mmoja!"

Redio ikameza mate. "Basi ugonjwa umo. Chungu kisitoke hata kimoja!"

"Wakaguzi wenu wote waliniambia ni maua mazuri," sauti ikasema nyuma yake.

Muuza Maua. Beretta mkononi. Miwani ameipandisha kipajini apate kulenga vizuri.

Kosa.

"Mazuri sana, kaka," Nyigu akasema. "Hebu yanuse."

Tawi likamchapa usoni, maziwa yakajaa machoni. Risasi ikatoboa bati. Mayowe yake yakatoboa zaidi.

Dereva wa lori akakumbuka ghafla kwamba ana miguu.

Nyigu akamburuta mgeni hadi kwenye bomba la uani, akamfunga hapo kwa mkanda wake mwenyewe. Akarudi ghalani na dumu la petroli, akavimwagia vyungu. Akawasha njiti.

"Macho yangu, we mwanamke!"

"Maji hayo, kaka. Jioshe. Wenye pingu wako njiani."

Akapanda Yamaha. Moshi ukapanda mweusi, ukoo mzima ukiteketea bila kulia.

Hakugeuka.