Pepeta ya Madam Konso

Jumamosi soko la Kibiti halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa, ukiuliza bei unaitwa dada, shangazi na mchumba kwa mpigo mmoja. Humo ndimo alimokuwa Consolatha siku ile ya Januari, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa kiunoni, kilemba cha rangi hiyohiyo kichwani, na miguuni viatu vyeupe ambavyo hakuna mtu mwenye akili zake angevivaa sokoni. Alikuwa na mwaka mmoja tu Kibiti, katoka kwao Muleba kuja kufundisha shule ndogo ya binafsi iitwayo Mapambazuko, na bado alitembea kama mtu aliyealikwa harusini.

"Mchele wa Mbuchi huu, Madam! Ukiupika, jirani anahamia kwako."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamume mrefu, mweusi wa kupendeza, kofia kaiweka upande, shati limepigwa pasi hadi mistari inaonekana. Jina lake Huseni, muuza mchele.

"Umejuaje kama mimi ni Madam?"

"Viatu. Mkulima hana viatu hivyo. Na nesi angevihurumia."

Consolatha akacheka bila kupenda. Chini ya meza ya mchele akaona mtoto wa kike wa miaka minane, kajikunyata, anapanga punje moja moja.

"Binti yangu huyo, Sabra," Huseni akasema. "Mama yake tuliachana, yuko Mbagala na mume mwingine. Mtoto yuko darasa la pili."

Ualimu ulikuwa haumtoki Consolatha hata sokoni. Akaonyesha maandishi ya kwenye gunia. "Hebu nisomee hapa, mama."

Sabra akatazama vidole vya miguu yake.

"Darasani kwao wako mia na arobaini," baba akadakia haraka. "Hata jina lake mwalimu halijui. Halafu kila mwaka ndege wakianza kushambulia mpunga, anakwenda kwa bibi yake Mbuchi kuwafukuza."

"Basi wewe baba yake ungemsomea nyumbani."

"Mimi? Mimi hayo nayaona vijidudu vyeusi tu!"

Akacheka, na Consolatha naye akacheka, akidhani ni utani. Jamani, haukuwa utani. Lakini hilo alikuja kulijua baadaye, baada ya kulia sana.

Wiki iliyofuata Sabra akaanza Mapambazuko. Shule yenyewe si ya kutisha: vyumba vinne, baraza moja, jiko la bati na mkorosho. Lakini darasani walikuwa watoto kumi na sita tu. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha uji, kimeandikwa jina lake na kutundikwa kwenye msumari wake. Kila Ijumaa mtoto mmoja alisimama barazani akasoma mbele ya shule nzima, watoto sitini na mmoja, na hata akisoma mstari mmoja wa kujikwaa alipigiwa makofi. Na kila mtoto alikuwa na daftari la mawasiliano, ambalo mwalimu anaandika habari zake na mzazi anatia sahihi. Sahihi ya Huseni ilikuwa mkwaruzo wa ajabu, mfano wa njia ya konokono. Consolatha akadhani ndivyo wafanyabiashara wanavyosaini.

Mwezi haujaisha, Sabra akawa anacheka darasani. Mwezi wa pili akaunganisha silabi. Na baba yake akawa anapiga simu, mwanzo kuulizia mtoto, kisha kuulizia mwalimu.

"Konso, umekula?"

"Nimekula. Mbona hujibu meseji zangu wewe?"

"Meseji haina sauti. Mimi nataka sauti yako."

"Muongo mkubwa!"

"Nyie Wahaya mnaringa hata kwenye simu. Hebu nisemeze Kihaya kidogo."

"Sikusemezi. Ukikitaka, kifuate kwetu."

"Nikija kwenu, Konso, siji peke yangu. Nakuja na wazee."

Consolatha akasikia moyo unamdunda hadi masikioni. Alimpenda mwanamume yule, nami sitaki kuficha. Jumapili akitoka kanisani walikutana mgahawani, yeye na soda yake, Huseni na chai yake, kila mmoja akijua kwamba kuna swali la dini limekaa nao mezani na hakuna anayelikaribisha.

Mei ikafika, mpunga wa mapema ukaanza kukomaa Mbuchi. Huo ndio wakati wa pepeta: mpunga mbichi unakaangwa, unatwangwa ungali wa moto hadi punje zinakuwa bapa, na harufu yake inamtoa mtu ndani ya nyumba. Asubuhi moja Huseni alisimamisha pikipiki mbele ya shule, akampa Consolatha mkoba mdogo wa ukili.

"Yako," akasema. Neno moja tu, jasho linamtoka katika asubuhi ya baridi. Kabla hajajibiwa akawasha pikipiki, akaondoka.

Sasa, Mwalimu Rafaeli, mwenye shule, alikuwa na sheria yake. Zawadi ya mzazi ni ya jiko, asije mtoto mmoja akapendwa kuliko mwenzake. Na kwao Consolatha wana senene, hawana pepeta. Akaupeleka mkoba jikoni, pepeta ikachanganywa na nazi na sukari, shule nzima ikala ikalamba vidole. Sabra aliringa kutwa. "Ya shamba letu! Kaleta baba yangu!"

Mpishi, Bi Mwajabu, siku hiyo alichelewa kwa sababu ya msiba. Alipofika akaukuta mkoba mtupu.

"Madam, huu kauleta nani?"

"Baba Sabra."

"Kwa mkono wake? Pepeta ya kwanza ya msimu?" Bi Mwajabu akashika kichwa. "Mama yangu wee! Mwanangu, ukoo wa kina Huseni mwanamume akitaka kuoa hapeleki barua. Anampelekea mwanamke pepeta ya kwanza. Akiila peke yake, kakubali. Akiigawa, kamkataa. Na wewe umemgawia hadi mlinzi!"

Consolatha akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake safi. Akapiga simu. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Sabra alikuwa ameshafika nyumbani na habari zake njema.

Kesho yake, simu bado zikikatwa, akaona njia imebaki moja. Akafungua daftari la Sabra, na kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mkononi, akaandika:

"Baba Sabra, kwetu pepeta hakuna. Sikujua kama lilikuwa swali. Ukiniuliza tena, nitaila peke yangu mpaka punje ya mwisho. Consolatha."

Siku ya pili yake kiti cha Sabra kilikuwa kitupu. Sokoni meza ya mchele ilikuwa imefunikwa turubai. Jirani wa Huseni, Mtoro muuza dagaa, akamtazama Consolatha kwa huruma iliyochanganyika na umbeya.

"Kahamia Mbuchi na binti yake. Wako dunguni wanafukuza ndege. Kasema mwaka huu mtoto hana haja na shule ya watu wa bara."

Dungu ni kibanda kinachoinuliwa juu ya miti katikati ya mpunga. Mtoto akipanda huko msimu wa ndege, wengi hawashuki tena kurudi darasani. Hilo Consolatha alilijua. Simu ya Huseni sasa ilikuwa haipatikani kabisa.

"Mfuate," Bi Mwajabu akamwambia.

"Nimfuate? Nimemwandikia kwa mkono wangu mwenyewe! Kasoma, kajibu kwa kuondoka. Sasa nikampigie magoti matopeni?"

Kiburi kilimponza, nasema wazi. Mchana alifundisha vizuri, jioni akajifungia na kulia kwa hasira. Ijumaa ya Sabra ya kusoma barazani ilifika, ikapita, akasoma mtoto mwingine. Kikombe chenye jina lake kilibaki msumarini kinashika vumbi, na kila saa nne ya uji Consolatha alikiona. Kumpoteza mwanamume kulimuuma. Mtoto aliyekuwa amebakiza kidogo tu asome, na kapotea kwa sababu yake, huyo alimkosesha hata hamu ya kula.

Wiki ya nne ajira za serikali zikatoka. Jina lake lilikuwamo: Biharamulo, aripoti ndani ya siku kumi na nne. Mama yake alipiga vigelegele kwenye simu. Miaka sita walikuwa wakiisubiri. Mwalimu Rafaeli alinung'unika kwamba shule ndogo zinalea walimu na serikali inawachukua, kisha akampa mkono, macho yamemlowa. Consolatha alisaini. Kilichomweka Kibiti hakikuwapo tena.

Jumamosi asubuhi alikuwa stendi. Basi la kutoka kusini kwenda Dar lilikuwa limeshaegesha, wauza korosho wananing'inia madirishani, sanduku lake limeingia tumboni mwa basi.

"Madam! Madam Konso!"

Sabra alikuja mbio, kavaa sare ya shule siku ya Jumamosi, miguu ina tope hadi magotini. Nyuma yake Huseni. Shati lake halikupigwa pasi, na alikuwa amekonda.

"Umekuja kuniaga?" Consolatha akauliza, sauti kavu.

"Mwache Sabra asome kwanza," Huseni akasema. "Ijumaa yake ilimpita."

Mtoto akafungua daftari, akasimama wima kama yuko barazani, akatoa sauti yote aliyokuwa nayo. "Ba-ba Sa-bra. Kwe-tu pe-pe-ta ha-ku-na. Si-ku-ju-a ka-ma li-li-ku-wa swa-li..."

Wauza korosho wakageuka. Mpiga debe akaacha kuita abiria. Uso wa Consolatha uliwaka moto.

"...ni-ta-i-la pe-ke ya-ngu m-pa-ka pu-nje ya mwi-sho. Kon-so-la-ta." Sabra akainua uso, akangoja. "Mbona hampigi makofi?"

Stendi nzima ikapiga makofi.

"Mimi sijui kusoma, Konso," Huseni akasema, taratibu, watu wakisikia. "Nilipelekwa dunguni niko darasa la tatu, sikurudi. Nilipofungua daftari nikaona wino mwekundu. Nikajua ndiyo talaka yenyewe, hata ndoa bado. Ningempa nani anisomee aibu yangu? Juzi mvua ilitufungia dunguni, mtoto kakosa la kufanya, akaanza kusoma. Nikadhani anatunga. Akarudia mara tatu."

"Na meseji zangu zote za miezi minne?"

"Ninazo zote. Sijui hata moja inasemaje."

"Mungu wangu! Nyingine zilikuwa za aibu, Huseni."

"Basi hizo Sabra asizisome."

Consolatha akacheka huku analia, kisha hasira ikampanda. "Lakini ulimtoa mtoto shule! Ungeniadhibu mimi. Yeye kakukosea nini?"

"Hakuna. Hilo sina la kujitetea." Huseni akavua kofia. "Jumatatu anarudi. Nimetoka kwa Mwalimu Rafaeli sasa hivi, ndiye kaniambia uko stendi. Na mimi nitakuwa nakwenda saa tisa, watoto wakishatoka. Kasema atanifundisha mwenyewe, ila viti ni vidogo, magoti yatagonga meza."

Akalichukua daftari kwa Sabra, akampa Consolatha. Chini ya maneno mekundu, pale penye mstari wa sahihi ya mzazi, hapakuwa na njia ya konokono. Palikuwa na herufi kubwa za penseli, moja imelala, moja imegeukia kwingine: HUSENI.

"Nilimshika mkono," Sabra akasema. "Ana mkono mgumu!"

Huseni akatoa mkoba wa ukili. "Si ya kwanza tena, Konso. Ya kwanza ililiwa na watoto. Lakini nakuuliza tena."

"Mie naondoka. Nimeshasaini. Kwetu wameisubiri kazi hii miaka sita."

"Sikuzuii."

"Baba yangu atakuuliza dini."

"Na mama yangu atakuuliza wewe."

"Tutawajibu nini?"

"Sijui," Huseni akasema. "Hilo kweli silijui. Ninachojua, mpunga ukishavunwa nitapanda basi nije Muleba nikaulizwe."

Honi ikalia. Consolatha akatia mkono mkobani, akachota pepeta, akaitia mdomoni mbele yake, akaitafuna polepole na kuimeza. Huseni akajifuta macho kwa kofia. Sabra alipunga mkono mpaka basi likakata kona.

Walipopita Bungu, mama mtu mzima aliyeketi naye alinusa, akageuka akitabasamu.

"Pepeta hiyo, mwanangu? Miaka sijaionja. Nimegee kidogo."

Consolatha alilelewa kutomnyima mtu mzima chakula. Akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kitenge cha njano.

"Nisamehe, mama," akasema. "Hii haigawiwi."