Koo Lilipona, Mikono Ikaugua

Binti yangu ni fundi cherehani. Hushona sare za shule hapo sebuleni. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi, humsaidia kushona vifungo.

Ghafla, wiki moja, mtoto akabadilika. Anashona kifungo, anakifumua. Anashona tena, anafumua. Mara saba!

"Wewe, unanichezea?" mama yake akafoka. "Mteja anakuja saa nane!"

"Nisipofanya hivi, mama, utakufa."

Mama yake akasonya. "Nife kwa kifungo? Acha ujeuri!"

Halafu vikombe vikaanza kumponyoka. Bega likawa linaruka lenyewe.

"Jumatatu anakwenda kwa shangazi yake," binti yangu akasema. "Akanyooshwe huko."

"Kwanza zahanati," nikamwambia. "Mtoto hageuki hivi bila sababu."

Daktari alimsikiliza mtoto kwanza. Kisha akampa vidole vyake viwili. "Nibane, usiachie."

Akabana. Mkono ukalegea. Ukabana, ukalegea. Mimi nimekamua ng'ombe ujanani. Mkono ule ulikuwa unakamua, na mwenyewe hana habari! 

"Miezi iliyopita aliumwa koo?" daktari akauliza.

"Ndiyo," binti yangu akajibu. "Alipewa vidonge vya siku kumi. Siku ya tatu akawa mzima, tukaacha."

"Koo lilitulia tu, dada, vijidudu vikabaki. Mwili ulipopigana na vijidudu vya koo, ukakosea. Ukaushambulia ubongo, pale panapoongoza mikono na mawazo. Ndiyo maana anarukaruka na kurudiarudia. Hata moyo unaweza kuumia."

Jamani! Koo hili la kumezea chai, kumbe linafika mpaka kwenye mawazo ya mtoto!

Mjukuu wangu akainua uso. "Kwa hiyo mimi si mjeuri?"

"Wewe ni mgonjwa, mama," daktari akamjibu. "Na tutakutibu."

Binti yangu akapiga magoti pale pale sakafuni. "Nisamehe, mwanangu."

Daktari alitoa dawa ya kutuliza mikono. Akatutuma hospitali kubwa, moyo ukapimwa, ukaonekana salama. Akaandika sindano ya kuzuia vijidudu vya koo, kila mwezi, kwa miaka, ugonjwa usirudi.

Sasa ni mwezi wa tano. Mikono imetulia. Yale mawazo ya kurudiarudia yakija, mtoto huyaacha yapite. Habari ya shangazi imekwisha. Siku ya sindano, binti yangu hufunika cherehani, wakaenda wote wawili.

"Sindano inauma?" nilimuuliza mtoto juzi.

"Inauma, Bibi. Lakini anayelia ni mama."