Zamu ya Kunyonyesha

Salvatori alikuwa ananenepa, na hicho ndicho kilichomkosesha mama yake raha. Usicheke. Wanawake wengine wa Mwamkulu walikuwa wanahangaika na watoto wasiopanda kilo, huyu Dina amekaa mlangoni kwake anamtazama mwanawe wa miezi mitano, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo, na roho iko mkononi. Sababu aliona hata aibu kuisema. Mtoto alikuwa hanyonyi.

Asubuhi akimpa titi anageuza uso. Mchana vilevile. Jioni maziwa yamejaa mpaka kifua kinawaka moto, Dina anayakamua kwenye bakuli na kwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Uji hakuwa amemwanzishia, na maziwa ya ng'ombe hakuwahi kumpa hata tone. Lakini akimnusa mdomoni, Salvatori ananuka maziwa. Na mama anaijua harufu ya maziwa yake. Haya yalinuka tope, lile tope jeusi la chini kabisa kwenye jaruba la mpunga.

Alimwambia mumewe, Edgar. Edgar akamrusha mtoto juu, akamdaka, akasema mama Salva anatafuta ugonjwa mahali pasipo na mgonjwa. Basi Dina akaenda kliniki. Nesi alimning'iniza Salvatori kwenye mzani, mshale ukashuka mpaka nesi akaugonga kwa kidole akidhani umekwama, kisha akawaita kina mama waliokuwa kwenye benchi waje kumwona mtoto anayenyonyeshwa ipasavyo. Akamtaka Dina awaambie wenzake anamnyonyesha mara ngapi kwa siku. Dina akasema mara nyingi tu, wakampigia makofi. Watu walipopungua alimsogelea nesi akamnong'oneza kwamba mtoto hagusi titi kabisa. Nesi alimtazama kwa huruma, akamwambia mtoto asiyenyonya haongezeki, mama, nenda kapumzike, umechoka. Hakuwa na kosa, yule nesi. Yeye alisoma kilichokuwa kwenye mzani.

Siku ya pili yake, jua likiwa la utosi, Dina alikuwa anaosha vyombo nje na mtoto kamlaza chumbani. Kijiji kimetulia, hata kuku wamejificha kivulini. Ndipo akasikia mtu anameza. Gudu, gudu, gudu, taratibu, kama mtoto mwenye njaa aliyepata titi lenye maziwa mengi. Akaacha sufuria. Akasogea mpaka kwenye pazia, harufu ya tope inamjia puani kabla hajaingia, na alipofunua pazia alimwona Salvatori amelala ubavu, macho kayafumba, mdomo unavuta hewa tupu, shavu limebonyea kama limegandamizwa kwenye nyama ya mtu, na pembeni yake godoro limedidimia kwa urefu wa mtu mzima aliyejilaza, bega, nyonga, mpaka miguuni, na hapo palipodidimia hapakuwa na mtu. Dina akamrukia mwanawe na kumvuta. Mtoto hakuja mara moja. Alivutika kwa shida, mdomo ukaachia kwa sauti ya kubanduka, na maziwa ya kijivu yakamchuruzika kidevuni. Halafu godoro likainuka polepole, kama mtu anajiinua kwa adabu kumpisha mwenye kitanda.

Dina alitoka naye mbio mpaka kwa Pudensiana, jirani yake. Hapa nieleze kidogo. Kina mama wa upande ule walikuwa na kikundi cha kupandikiza mpunga kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na wenye watoto wa kunyonya walikuwa wawili tu, Dina na Pudensiana. Kwa hiyo nao walipeana zamu. Mmoja akiingia kwenye maji, mwenzake anabaki kwenye kibanda cha kando ya shamba na watoto wote wawili, na anayelia ananyonyeshwa na aliyepo. Anayemnyonyeshea mwenzake leo, kesho wake ananyonyeshwa. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu.

Dina alimweleza Pudensiana yote. Akamwambia kwamba Salvatori alianza kukataa titi tangu siku walipopandikiza shamba la Dina, siku ambayo Pudensiana ndiye aliyekaa kibandani.

Pudensiana akamvuta ndani, akafunga mlango.

"Mama Salva," akasema kwa sauti ya chini, "mimi siku ile homa ilinishika mapema. Nilimbeba Glory wangu nikarudi nyumbani. Salva nilimwacha amelala, nikamwambia yule binti anayetuletea chai shambani akwambie."

Binti wa chai hakusema, alisahau. Na Dina alikumbuka vizuri sana. Alikuwa ameinama, maji magotini, miche mkononi, akasikia mwanawe analia. Akatupa jicho mara moja, akaona mwanamke amekaa kivulini pale kibandani amewapa mgongo, kajitanda kanga inayodondosha maji. Akapaza sauti bila kuinuka, kama walivyozoea kutaniana: "Mnyonyeshe tu dada, huyo ni wako!" Mtoto akanyamaza pale pale.

Edgar safari hii hakucheka. Alikaa mwenyewe chumbani na mtoto mchana uliofuata, na alipotoka hakusema alichokiona, alikwenda moja kwa moja kuazima pikipiki. Wakapanda wote watatu mpaka Litapunga kwa mganga mmoja Msukuma, mzee Machibya. Walimkuta anamfunga ng'ombe kidonda. Akanawa mikono, akasikiliza mpaka mwisho bila kumlaumu mtu. Kisha akamlaza mtoto kwenye mkeka, akafukiza majani yake, akaita kwa Kisukuma, akaita kwa Kiswahili.

Aliyejibu alijibu kwa kinywa cha Dina. Sauti ya mwanamke, ya upole, imejaa maji. Dina aliisikia ikimtoka kooni na hakuweza kuizuia.

"Nilipewa kwa mdomo. Nimemlisha, amenenepa. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa huna," Machibya akasema. "Mrudishie mama yake."

"Namrudisha. Na mimi ninaye wangu." Sauti ikakatika kidogo, na Dina akahisi kifua chake kinabanwa na uchungu usiokuwa wake. "Wangu hanenepi. Zamu yangu nimemaliza. Imebaki zamu ya mama yake."

Machibya akatazama chini. Akawaambia ukweli kwamba kumfukuza kwa nguvu anaweza, ila akifukuzwa atavuta maziwa yake yote aliyompa mtoto, na mtoto hatabaki na kitu. Akipewa zamu yake ataondoka kwa amani. Lakini Dina amnyonyeshe mtoto wake, na huyo lazima anenepe kama alivyonenepa Salvatori. Akipungua, mama yake atakuja kumchukua Salvatori.

Dina hakumsubiri Edgar, akasema ndiyo. Mama gani angesema vingine?

Jioni ile ile Salvatori alilishika titi la mama yake kwa pupa, na Dina alilia kwa furaha mpaka akashikwa na kwikwi. Titi la kulia likawa la Salvatori. La kushoto lilikuwa na mwenyewe. Kila mchana, jua likiwa la utosi, Dina anafunga mlango na kukaa kwenye kigoda, anafungua kanga, harufu ya tope inajaa chumba, kisha mapajani anahisi uzito mdogo wa baridi unajikunyata, na mdomo usio na joto unamshika. Anauvumilia huku anasali kimoyomoyo, mkono wake umekaa juu ya kitu asichokiona, maana alijifunza kwamba kisipopakatwa kinalia, na kilio chake hakuna anayetaka kukisikia mara mbili.

Salvatori alianza kupungua. Kliniki mshale haukushuka kama zamani, nesi akakunja uso, akamwambia aongeze kunyonyesha, mchana na usiku. Dina akaitikia. Maziwa aongeze kutoka wapi? Alikunywa uji wa karanga mpaka tumbo likamuuma.

Lakini hicho sicho kilichomtia ganzi. Mchana mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda, Salvatori kulia, yule mwingine kushoto, watoto wawili wanavuta mama mmoja, na akapima kwa mapaja yake kama mama yeyote anavyompima mwanawe bila mzani. Jana uzito wa yule wa kushoto ulikuwa wa kuku. Leo ulikuwa wa kifaranga. Akasubiri asikie kumeza, akasikia mdomo unavuta, unavuta, titi limekwisha. Na mlangoni, kwa nje, kanga iliyolowa ikaanza kudondosha maji.

Dina akachomeka kidole kwenye pembe ya mdomo wa Salvatori, akamwachisha titi la kulia. Akamweka chini sakafuni. Akamhamishia yule mwingine kulia, taratibu, akamtuliza kwa kumpigapiga mgongoni. Salvatori akapiga kelele, amenyoosha mikono. Mama yake akafumba macho, akatega sikio asikie kama yule mwingine anameza.