Mtoto Aliyetoka kwa Mionzi

Kila Jumamosi asubuhi Akaale wa Kiwanjani, mjini Isiolo, huchemsha chai ya watu wote katika sufuria moja. Jumamosi moja alichemsha sufuria mbili. Ile ndogo ilikuwa ya Atabo peke yake.

Atabo ni binti yake mkubwa, yuko kidato cha pili. Mwaka jana alitokwa na uvimbe pajani. Haukuuma, kwa hivyo wakangoja. Wengine walisema ni teke la mbuzi. Uvimbe ukawa kama limau, kisha kama kiazi. Mama mwenzangu, uvimbe unaokua usiungojee uume. Madaktari walipopima, walisema ni saratani ya nyama ya mwili, inaitwa sakoma. Wakampasua, wakautoa. Kisha wakampeleka Nairobi apigwe mionzi, ili mabaki ya ugonjwa yafe.

Jumatatu mpaka Ijumaa Atabo aliingia kwa mashine, na kulala alilala kwa shangazi yake. Wikendi hiyo aliomba kuja Isiolo. Alimkumbuka sana mdogo wake Emuria, ambaye bado ananyonya.

Ijumaa usiku alifika, akanyoosha mikono ampokee mtoto. Akaale akamgeuza mtoto upande wa pili.

"Amelala," alisema.

"Mama, si ananiangalia."

Akaale akamfunga mtoto mgongoni. Alimtandikia Atabo godoro huko jikoni, akamtengea sahani na kikombe.

Hofu hiyo ilitoka sokoni. Kirigia anauza miraa karibu na meza ya mboga ya Akaale, na wiki hiyo alikuwa amemwambia, "Mama Atabo, jichunge. Nilisikia kwa redio. Watu walishika kitu cha mionzi cha hospitali, kinaitwa seziamu, wakaugua, na waliokaa nao wakaugua. Mionzi hairuki mtu."

"Na huyu wangu je?"

"Mimi kazi yangu ni miraa. Lakini kama ni mimi, mtoto mchanga ningemweka mbali."

Akaale hakuwa na moyo mbaya. Alikuwa na watoto wawili, na mmoja alikuwa mgonjwa tayari. Alitaka kumwokoa mwingine.

Jumapili, saa ya kuondoka ikakaribia. Atabo hakufunga mkoba.

"Sirudi Nairobi," alisema.

"Utakufa, Atabo."

"Huko wageni wananishika mkono. Hapa kwetu nalala jikoni kama mbwa. Kama hiyo dawa imenifanya sumu, basi niiache."

 Akaale alikimbia kwa jirani yake Gatwiri, ambaye ni muuguzi.

Gatwiri alikuja na kanga yake ya nyumbani. Alisimama mlango wa jikoni, akaona godoro, akaona sahani.  Aliingia akaketi godoroni, bega kwa bega na Atabo.

"Sasa niambieni," alisema.

Akaale akaeleza maneno ya Kirigia.

"Kirigia hakudanganya, alichanganya tu," Gatwiri alisema. "Hayo yalitokea Brazil, zamani. Watu walivunja mashine ya hospitali iliyoachwa, wauze chuma. Ndani kulikuwa na unga wa seziamu. Unga huo unatoa mionzi mchana na usiku. Ukiushika unakaa kwa mkono, kwa nguo, mpaka kwa chakula. Ndiyo maana ukiona chuma usichokijua kina alama ya mionzi, usikiguse na usikiuze. Ondoka hapo, uite polisi."

"Na mashine ya Atabo, sista?"

"Hiyo haimpaki unga wowote. Inatumia stima. Inapiga paja dakika chache, ikizimwa mionzi imekwisha. Wewe si huanika ngozi ya mbuzi juani?"

"Naanika."

"Ukiiingiza ndani usiku, inawaka kama jua?"

"Ngozi iwake namna gani, sista?"

"Basi. Jua limefanya kazi yake kwa ngozi, lenyewe likabaki nje."

"Lakini paja limekuwa jeusi."

"Ngozi imeungua kidogo. Hutokea. Na atachoka pia. Amwambie daktari, na asijipake mafuta yoyote bila kuuliza." Gatwiri akamgeukia Atabo. "Kuna wagonjwa wengine dawa ya mionzi inawekwa ndani ya mwili. Hao huambiwa na daktari wakae mbali na watoto kwa muda. Wewe uliambiwa hivyo?"

"Hapana. Niliuliza. Wakasema naweza kubeba Emuria."

"Mbona hukuniambia?" Akaale aliuliza.

"Ulikuwa umeshafunga mlango, Mama."

 Gatwiri akasema polepole, "Hatari iliyo kwa nyumba hii ni moja tu. Akikosa kwenda, saratani inapata nafasi ya kujijenga."

Akaale alimfungua Emuria mgongoni, akamweka mapajani pa dada yake, upande wa mguu mzima. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Atabo alimnusa mtoto kichwani. "Nitarudi," alisema baadaye. "Lakini twende wote."

Wakaenda, na Emuria wao.

Jumatatu, hospitalini, mhudumu wa mashine alimlaza Atabo, akatoka, akafunga mlango. Akaale akamkamata mhudumu mkono.

"Kama haina ubaya, mbona wewe unatoka?"

"Mama, mimi niko hapa na kila mgonjwa, kutwa nzima; nikibaki ndani, mionzi ya wote itanipiga mimi. Mionzi ni dawa yake, si yangu."

Mashine ilinguruma, ikanyamaza. Mhudumu akafungua, akaingia mikono mitupu, akamshika Atabo ashuke. Akaale hakungoja kuitwa. Aliingia akamshika upande wa pili.

Shangazi aliwatandikia godoro la ziada. Akaale alilikataa. Wakabanana watatu kwa kitanda chembamba, usiku baada ya usiku, mpaka matibabu yakaisha bila Atabo kukosa hata mara moja. Daktari aliridhika. Alimwambia aendelee kuja kupimwa mguu na kifua, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kukimbilia mapafu. Anaenda mpaka leo, na bado hawajaona kitu kibaya.

Usiku wa kwanza waliporudi Kiwanjani, Atabo alijilaza kitandani kwake. Mara akasikia mama yake anapanda na mtoto.

"Mama, hapa kwetu kuna nafasi."

"Najua. Sogea."