Tanurijua na Majani ya Mama Mdogo

Vioo mia mbili vya tanurijua, mtambo wa kukausha kwa jua, viligeuka kwa pamoja, vikakusanya mwanga wa saa sita mchana na kuushusha juu ya mkanda uliojaa majani ya mlonge. Dakika nne tu, majani yakawa makavu kabisa. Roboti wasagaji waliyapokea upande wa pili, wakayatoa yakiwa unga wa kijani wa kutia kwenye uji wa watoto wa shule zote za Jiji Jipya.

Ukumbini, wageni waliotazama hayo kwenye skrini ya ukutani walipiga makofi. Mhandisi Sikudhani Pazi, mbunifu wa mtambo huo, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao, tuseme kweli, alikuwa ameufanyia mazoezi. Mwaka mzima sasa jiji halikuwa na bustani wala soko la mboga; unga huo ulichukua nafasi ya vyote. Kipimalishe, chombo kinachosoma vitamini ndani ya jani bichi kwa miale, kilikuwa kimethibitisha: vitamini A tele, vitamini C tele. Nani angebisha?

Safu ya mbele alikaa Siwema, mama yake mdogo, muuza majani ya dawa kutoka Kisarawe. Ndiye aliyemfundisha habari za mlonge. Katika ripoti ya mtambo jina lake halikuwamo. Sikudhani aliandika "chanzo cha mtaani", kisha akamtumia doti ya kanga na kadi ya mwaliko.

"Sasa watoto wetu wapande jukwaani watuimbie!" alisema mshereheshaji, na taa zikafifishwa ili picha za mtambo zionekane vizuri.

Watoto ishirini waliinuka. Wa kwanza akagonga kiti. Wa pili akamkanyaga wa kwanza. Tausi, binti wa miaka sita, alinyoosha mikono akipapasa hewa, akaikosa ngazi, akaanguka. Watu wakacheka. Watoto bwana!

Siwema hakucheka. Alimwinua Tausi, akamchungulia macho kwa mwanga wa simu, kisha akamshika mkono, akampeleka mpaka pembeni mwa jukwaa aliposimama Sikudhani.

"Mwanangu, watoto hawa gizani hawaoni. Na huyu jicho limeanza kuota doa jeupe. Kwani hawapati majani?"

"Wanapata kila siku, mama mdogo. Mlonge wako ule ule."

"Unauanika wapi?"

Sikudhani alitazama ukutani. Vioo vilikuwa vinageuka tena.

"Juani."

"Si nilikukataza?"

Alimkataza, tena mara mbili. Sikudhani ndiye aliyeufuta mstari wa katazo hilo kwenye ripoti na kuandika pembeni: imani potofu. Shuleni alisoma kwamba mwanga mkali huvunja vitamini A, akafaulu mtihani. Lakini elimu ile ile ilipomjia uani, kutoka kwa mwanamke mwenye ungo mapajani, hakuitambua. Kipimalishe nacho alikiweka mlango wa kuingilia majani. Unga unaotoka hakuna aliyeupima. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Siwema aliiona. Akashusha sauti.

"Waambie mimi ndiye niliyesahau kukwambia. Muuza majani akikosea, nani atashangaa? Usipoteze kazi yako."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu moyoni alikwisha kulikubali. Alianza hata kupanga maneno.

"Bibi," Tausi alimuuliza Siwema, "mbona hawawashi taa?"

Sikudhani akapanda jukwaani.

"Zimeni mtambo," alisema. "Uji ule usitolewe tena. Watoto wote wapelekwe hospitali leo hii, unga wangu hauna vitamini A, unawapofusha." Minong'ono ikazagaa. Akaiamuru mashine ya kumbukumbu, "Tunzasauti, cheza mahojiano ya kwanza, ya uani kwa mama mdogo. Usikate kitu."

Sauti ya Siwema ikajaa ukumbini: "Mlonge ni mwali, mwanangu. Mwali hatolewi juani, anawekwa ndani mpaka siku yake. Na mlonge uanike ndani, kivulini. Ukiutoa juani umeua dawa, umebaki na majani matupu."

Kikafuata kicheko, kirefu, cha mtu aliyesoma. Kila mtu aliijua sauti ile. Sikudhani alisimama mbele ya mama yake mdogo, akakisikiliza mpaka mwisho.