Fundi Viatu Afungua Blogu

Kila asubuhi fundi viatu alimkalisha mkewe kwenye kiti chenye mito, akamchana nywele, kisha ndipo akashika kazi yake. Mke alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yalimtoka moja moja. Lakini utani haukumwisha.

"Unachana... au unang'arisha kiatu?" aliuliza siku hiyo.

"Vyote viwili, bibie. Nikimaliza napaka rangi."

Mke akacheka, chai ikiwa bado mdomoni. Akapaliwa. Akakohoa mpaka macho yakamtoka. Fundi akamwinamisha mbele mpaka pumzi ikarudi.

Fundi alikuwa katika kundi la mtandaoni la watu wanaouguza ndugu zao. Humo mtu aliwahi kueleza namna ya kumnywesha mgonjwa asipaliwe. Akapekua simu. Akakuta salamu, vichekesho, picha za maua, pole, salamu tena. Maelezo yale hakuyaona.

Jirani yao, mhariri wa gazeti, alikuja kuchukua viatu vyake akamkuta bado anapekua.

"Shikamoo mjomba. Mbona unaikodolea simu hivyo?"

Fundi akamweleza. Mhariri akavuta kigoda.

"Mazungumzo ya kundi hupita, mjomba. Mapya yanafunika ya zamani. Fungueni blogu."

"Blogu ndiyo nini?"

"Ni ukurasa wenu kwenye mtandao. Kila habari ina kichwa chake, na yeyote anaweza kuitafuta, hata asiye kwenye kundi. Chukua swali moja, kusanya majibu yake, uyaandike upya kwa ufupi."

"Basi leo hii nanakili yote!"

"Taratibu! Yale ni maneno ya watu. Mwombe ruhusa kila mmoja. Ondoa majina na namba za simu. Na mambo ya tiba yapite kwa muuguzi kwanza."

Fundi akauliza upya kundini. Majibu yakamiminika, na wote waliojibu wakatoa ruhusa. Muuguzi wa zahanati akayasoma, akafuta sentensi moja.

"Huyu anasema kichwa kilale nyuma. Hapana! Mgonjwa akae wima, kidevu kishuke kidogo. Anywe kidogo kidogo, ameze kwanza ndipo umwongeze. Akiendelea kupaliwa, mlete tumpime."

Fundi alifanya vivyo hivyo, na chai ikashuka salama. Mhariri akamsaidia kufungua blogu, na Jumamosi habari ya kwanza ikatoka.

Tangu hapo hawakukosa Jumamosi. Waliandika jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, kumvisha shati, na kupeana zamu ili anayeuguza naye alale. Wanakundi walipokezana kuandika, mhariri akiwasahihisha.

Siku moja mtu wasiyemjua aliandika maoni yake: "Nilikuwa naogopa kumpa baba maji. Leo amekunywa, akaomba tena."

Fundi akamsomea mkewe. Mke akaigusa simu kwa mkono wa kushoto.

"Jumamosi hii... naandika mimi."

"Wewe? Utaandika nini?"

"Shika simu." Akatafuta maneno, moja baada ya jingine. "Sisi wagonjwa... tunasikia. Msituseme... kama vile... hatupo."

Fundi akaandika, machozi yakimlengalenga.

"Umemaliza?"

Mke akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Nimalize? Ndiyo kwanza... naanza."