Spana Namba Kumi na Tatu

Rubani alikuwa bado amefungwa mkanda walipomtoa. Ndege yake ya mizigo ilikuwa ndiyo kwanza imeruka, haijauacha hata uzio wa uwanja, injini ikakohoa, ikanyamaza. Na injini yenyewe ilikuwa hiyo hiyo moja.

Mtaalamu wa ajali alimwonyesha Inspekta kipande cha chuma alichokichomoa kati ya mapanga ya injini.

"Hiki si cha ndege, afande. Ni spana. Mtu kaisahau humo ndani."

Chuma kilikuwa na mabaki ya rangi nyekundu. Inspekta akashika njia ya karakana.

Fundi mkuu alimpokea macho yamemvimba. Marehemu alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Inspekta alimpa pole, na pole ile ilimtoka moyoni, lakini kazi ni kazi.

Ukutani palikuwa na ubao wa vifaa. Kila kifaa kilipakwa mstari mwekundu kwenye mpini, na umbo lake likachorwa mahali pake. Sheria ya karakana haikuwa na mjadala: umbo moja likibaki tupu, ndege hairuki.

"Hakijapungua kitu, afande. Hesabu mwenyewe."

Kweli, ubao ulijaa. Ila spana namba kumi na tatu ilizidi mchoro wake kidogo. Inspekta aliishika, rangi ikamganda kidoleni.

"Rangi bado mbichi, mzee. Spana hii ya nani?"

"Yangu. Ya nyumbani."

"Uliitundika lini?"

"Kabla hajaruka."

Hasira zilimpanda Inspekta. "Kwa hiyo ulijua!"

"Nilijua imepotea. Sikujua iko wapi. Nikajipa moyo kwamba itaonekana tu, chini ya meza, popote pale."

"Si ungesema neno moja tu?"

"Nilishawahi kusema. Nikasimamisha ndege, maua ya watu yaliyokuwa yasafirishwe yakanyaukia humo, karakana nzima ikapekuliwa. Spana nilikuwa nayo mwenyewe, mfukoni. Tangu hapo sina jina. Mimi ni Mfukoni. Hata mlinzi wa getini, mtoto wa juzi, ananiita Mfukoni. Nisingeweza kuchekwa tena, afande. Nisingeweza."

"Na mkweo? Naye alikucheka?"

Mzee alitikisa kichwa. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

"Yeye ndiye aliyekuwa akiwakaripia. Humu ndani ni yeye peke yake aliyekuwa akiniita baba."

Inspekta alitoa pingu. Mzee akanyoosha mikono bila ubishi, akaomba kitu kimoja tu.

"Nipitishe mlango wa nyuma, afande. Binti yangu yuko pale mbele. Ananisubiri tukazike."

"Hapana," alisema Inspekta, akamfungulia mlango wa mbele. "Mwambie wewe mwenyewe."